Kabla ya kuwaita walioasi, tukumbuke tuliwaambia nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu, kwa heshima, msomaji mwenzangu aliyelalamika hivi karibuni kwamba vijana wa Mwanza wanaacha ibada kwa sababu ya simu, mpira wa Ulaya na muziki wa baa za kando ya Ziwa. Sibishi kwamba mambo hayo yapo. Mimi ni mzee wa kanisa katika Wilaya ya Ilemela, na kabla magoti hayajanishinda nilifanya biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwa miaka mingi, kwa hiyo nimeziona simu zikiingia na vijana wakitoka. Lakini katika sababu zote alizozitaja ndugu yetu sikuona hata moja inayotuhusu sisi tuliobaki ndani, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kwa kuwa namfahamu kijana mmoja ambaye hakuondolewa na simu wala mpira. Aliondolewa na utani wangu.

Kijana huyo alikuwa mvuvi wa dagaa. Kwa faida ya wasomaji wanaoishi mbali na Ziwa, dagaa huvuliwa usiku kwa taa: taa huelea juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, kisha wavu ukainuliwa. Kazi hiyo hufanyika siku za giza, kwa sababu mwezi unapokuwa mkubwa mwanga wa taa haufui dafu na dagaa hutawanyika. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, wakashona nyavu zao, wakatembelea ndugu zao, na walio Wakristo wakaenda kanisani. Kijana wetu alionekana ibadani Jumapili moja au mbili, akapotea, kisha akarudi mwezi uliofuata. Siku moja katika kikao cha wazee jina lake liliposomwa miongoni mwa wenye mahudhurio hafifu, nilisema kwa kuchekesha, "Huyo ni Mkristo wa mbalamwezi." Wenzangu walicheka sana. Mimi, muuza dagaa, niliyejua kuliko mtu yeyote katika chumba kile kwa nini huja anapokuja, kwa sababu kazi ya usiku ya vijana kama yeye ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha wanangu, ndiye niliyelitamka neno hilo.

Neno halikubaki kikaoni. Lilifika kwa wanakwaya, likafika mwaloni, na Jumapili moja alipoingia amechelewa, mtu wa benchi la nyuma alimnong'oneza jirani yake kwamba leo bila shaka kuna mbalamwezi. Kijana alisikia. Alikaa hadi mwisho wa ibada, akatoa sadaka yake, akanikuta mlangoni akanipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba, na hakurudi tena. Katika daftari letu la washirika jina lake bado lipo, na mbele yake kuna maneno mawili niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Ameacha ibada."

Ndugu Mhariri, siku hizi neno "kukwaza" limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Mtu akikaliwa kiti chake, amekwazika. Akikosa kutajwa katika matangazo, amekwazika. Mchungaji akihubiri dakika kumi zaidi, nusu ya kanisa imekwazika. Neno limekuja kuwa na maana ya kuudhika tu, na kwa hiyo anayelia sana kwamba amekwazwa mara nyingi ni mtu mwenye nafasi, ambaye imani yake haiko hatarini hata kidogo. Sisi wa Mwanza tungepaswa kulielewa neno hili vizuri zaidi. Tunaishi katika jiji la mawe. Anayepanda kwake Igogo au Mabatini usiku, ndoo ya maji kichwani, anajua maana ya kukwaa, na anajua pia tofauti ya jiwe lililokuwapo mlimani tangu kuumbwa kwa dunia na jiwe ambalo jirani ameliacha njiani baada ya kujenga choo chake. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinasema habari ya jiwe la namna hii ya pili: "Usimlaani kiziwi, wala usitie kwazo mbele ya kipofu." Anayezungumziwa hapo ni mtu asiyeweza kuliona jiwe, na aliyeliweka anaonywa kwa sababu hiyo hasa.

Yesu alipolizungumzia jambo hili, Biblia yetu ya Kiswahili inatumia neno "kukosesha," nalo ni zito: atakayemkosesha mmojawapo wa wadogo wanaomwamini, yamfaa afungiwe shingoni jiwe kubwa la kusagia akatoswe katika kilindi cha bahari. Nimewahi kulisoma fungu hilo mbele ya wavuvi, watu waliokwisha kuona wenzao wakiopolewa majini, na hakuna aliyekohoa.

Nimeanza na maneno kwa sababu ndilo kosa langu, lakini soko lilinifundisha kwamba matendo husomwa mapema zaidi. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wao ni barua, "inajulikana na kusomwa na watu wote," na pale Mwaloni barua hiyo husomwa kuanzia kitako cha sado, lile kopo la kupimia. Wanunuzi wa dagaa wanakijua kitako cha sado kuliko wanavyoujua uso wa muuzaji. Kikiwa kimebonyezwa kwenda ndani, kila kipimo kinapungua kiganja kimoja au viwili, na kwa mama anayenunua ili akauze tena kwa mafungu huko kwao, viganja hivyo ndiyo faida yake yote. Nimewaona wenye sado za namna hiyo wakiwa wameandika mistari ya Zaburi juu ya milango ya vibanda vyao. Nimeona dagaa wakianuliwa pamoja na mchanga ili mzigo uwe mzito, kisha mwenye mzigo akafunga kibanda mapema kwa sababu ana mazoezi ya kwaya. Nimeona mtumbwi wenye jina la Mungu ubavuni ukitoka usiku kuvuta kokoro, wavu uliopigwa marufuku kwa sababu hukomba hata samaki wachanga. Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na mnunuzi asiyeijua Mithali anaijua mizani. Anapokaribishwa kanisani na mtu huyo huyo aliyempunja, unadhani atafikiri nini juu ya Mungu anayeimbwa humo?

Katika soko hilo hilo alikuwapo mama mmoja ambaye sado yake ilikuwa nzima. Hakuwa msemaji, na sidhani kama aliwahi kumhubiria mtu yeyote. Mgeni akishuka kwenye gari akiuliza dagaa, makuli, ambao wengi wao hawakuwa na dini yoyote ya kuonekana, walimwelekeza kwake wakisema, "Nenda kwa yule mama wa kanisa." Nilikuwa na wivu naye, nakiri, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mzee wa kanisa.

Nirudi kwenye maneno, maana kuna mahali ambapo yanaumiza kuliko popote, napo ni msibani. Watu wa Ziwa tumezika kwa wingi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa njiani kuelekea bandari ya Mwanza, ikachukua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na waliokufa walizidi 200. Katikati ya misiba hiyo mikubwa, ambayo taifa zima lililia pamoja nasi, ipo midogo isiyofika magazetini, ya mtumbwi mmoja na dhoruba moja. Katika matanga ya namna hiyo nilimsikia Mkristo mwenzetu, mtu mwema kwa mambo mengine, akimwambia mama aliyefiwa na wana wawili kwamba huenda Mungu alikuwa akimwita aongeze maombi. Mama yule hakujibu. Aliendelea kutandika mkeka. Baada ya siku arobaini aliturudishia sare ya umoja wa wanawake, imefuliwa na kupigwa pasi, na alipoulizwa alisema kwamba Mungu anayeua watoto ili mama aongeze maombi, yeye hana la kumwambia.

Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri sana mwanzoni. Waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu mno. Desturi yetu ya kukaa matanga inafanana na hiyo, nami naiheshimu kuliko mahubiri mengi ya msibani. Waliharibu walipofungua vinywa vyao na kuanza kumtetea Mungu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe aliyetetewa anawakasirikia kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Kwa miaka mingi nilidhani anayehitaji kuonywa katika kitabu kile ni Ayubu, kwa jinsi alivyolalamika.

Na katika kanda yetu yapo maneno mabaya kuliko hayo. Kila mtu wa huku anajua historia ya vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengi kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka ya kupikia kuni na samadi ya ng'ombe. Watu huzungumza juu ya wauaji, na wanastahili kuzungumzwa. Lakini kabla ya panga hutangulia mnong'ono, na mnong'ono huo haukosi kupita katika mabenchi yetu. Bibi mmoja alikuwa akisali nasi. Watu walianza kuacha nafasi kwenye benchi lake, kwanza nafasi ya mtu mmoja, kisha ya watatu, hadi akawa anakaa peke yake katika kanisa lililojaa. Namshukuru Mungu hakuna aliyemgusa, alikufa kwa uzee wake. Lakini mjukuu wake aliyekuwa akimshika mkono kumleta kanisani aliyaona yale mabenchi, na huyo leo ni mtu mzima anayesema waziwazi kwamba hakuna Mungu. Msomaji mwenzangu atamhesabu katika vijana walioharibiwa na simu. Wakati ule hakuwa hata na viatu.

Jambo hili halikuanza na kizazi chetu, ndugu Mhariri. Mwaka 1879 mapadre wa kwanza wa White Fathers, wamisionari Wakatoliki, walipovuka Ziwa kutoka Kageye, pwani hii hii ya kusini, wakafika Buganda, walimkuta tayari Alexander Mackay wa CMS, shirika la wamisionari Waanglikana, katika baraza la Mutesa, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Haikuchukua muda Lourdel, mmoja wa mapadre hao, na Mackay wakaanza kubishana mbele ya Kabaka, kila mmoja akiikana imani ya mwenzake, na Mackay mwenyewe aliandika jinsi Mutesa alivyouliza atajuaje ipi ni kweli ikiwa kila taifa la wazungu lina dini yake. Ni swali la haki kabisa. Mutesa alikufa mwaka 1884 bila kubatizwa na upande wowote, na mwaka 1892 wafuasi wa pande hizo mbili walipigana kwa bunduki pale Mengo, makao ya Kabaka. Sisemi kwamba mabishano yale ndiyo sababu pekee, kwa kuwa Mutesa alikuwa mwanasiasa aliyejua kuwapima wageni wake, na waliobatizwa na pande zote mbili walikuja kuifia imani hiyo kwa ushujaa ambao mahujaji wa Mwanza wanausafiria hadi Namugongo, Uganda, kila mwezi Juni. Nasema tu kwamba yuko mtu aliyekuwa akisikiliza, na waliokuwa wakizungumza walisahau kwamba anasikiliza. Ninapopita mitaani Jumapili nikasikia vipaza sauti vya makanisa mawili yaliyotenganishwa na uchochoro mmoja, kila kimoja kikiwatahadharisha waumini juu ya manabii wa uongo wa jirani, humkumbuka Mutesa.

Sasa nieleze upande wa pili, kwa kuwa najua hoja yangu inaweza kutumiwa vibaya, na kwa kweli imekwisha kutumiwa. Hoja ya kutowakwaza wengine ndiyo inayotumika kufunika maovu. Fedha za ujenzi zikipotea, utaambiwa usiseme, utawakwaza washirika wachanga. Kiongozi akimharibu binti wa watu, familia itaombwa ikae kimya kwa ajili ya jina la kanisa. Niliwahi kukaa katika kikao kimoja cha namna hiyo, si katika kanisa ninaloliongoza sasa, na kwa aibu nasema kwamba nilinyamaza pamoja na wengine. Washirika wachanga tuliodai kuwalinda walijua habari yote ndani ya wiki mbili. Walichojifunza zaidi ni kwamba wazee wao wanajua kunyamaza. Paulo aliyesema kwamba chakula kikimkosesha ndugu yake hatakula nyama hata milele ndiye aliyempinga Petro mbele ya watu wote kule Antiokia, Petro alipojitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa Wayahudi. Hakuona mgongano, kwa sababu mara zote mbili alimtazama aliye dhaifu katika jambo lile: Korintho ni yule ambaye dhamiri yake ingetiwa unajisi na nyama ya sanamu, Antiokia ni wale wa Mataifa walioachwa mezani peke yao. Waraka kwa Wagalatia unaongeza kwamba hata Barnaba naye alichukuliwa na unafiki ule. Hata Barnaba! Petro hakumwambia neno. Aliinuka tu mezani, na mwenzake akafuata.

Wala sisemi kwamba kila anayeondoka ameondolewa. Wapo wanaoacha imani baada ya kufikiri sana, wapo wanaoiacha kwa sababu inawazuia wanalolitaka, na kila mmoja ana hesabu yake mbele za Mungu. Ninachokataa ni sisi kuifunga hesabu hiyo upande wao tu, tukaandika "ameasi" au "amerudi nyuma" na kugeuza ukurasa. Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kidole hupona. Neno la mzee wa kanisa husikika kama neno la kanisa, na kwa masikio ya kijana wa miaka ishirini lililotoka kwa kanisa limetoka kwa Mungu. Mimi nilipofanya utani sikujua kwamba nasema kwa niaba ya mkubwa kiasi hicho.

Mwaka jana nilipanda meli kwenda Nansio kuhudhuria maziko ya shemeji yangu. Pale gatini nilimwona mwanamume mnene kiasi akiwaelekeza vijana kupakia magunia, na nilimtambua kabla hajanitambua. Ana mitumbwi yake miwili sasa, ana mke na watoto watatu. Alinipa shikamoo kwa adabu ile ile. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu kwa miaka, na nikayasema yote nikiwa nimesimama juani: kwamba lile jina la Mkristo wa mbalamwezi lilikuwa langu, kwamba nilijua sababu ya kutoonekana kwake na bado nilimcheka, na kwamba naomba anisamehe.

Kumbe hakuwa anajua. Miaka yote alidhani ni maneno ya vijana wa kwaya, na alikuwa amenihesabu mimi miongoni mwa wachache waliokuwa upande wake, kwa sababu nilikuwa nikimsalimia vizuri sokoni. Alinyamaza, akawatazama vijana wake wakimalizia magunia, kisha akaniuliza dagaa wanauzwaje siku hizi Kirumba. Nikamtajia bei. Akasema, "Haya mzee, safari njema," akaenda zake.

Nimeliomba baraza letu liniruhusu nifute yale maneno mawili mbele ya jina lake na kuandika sababu ya kuondoka kwake, pamoja na jina la aliyesababisha. Katibu, ambaye ni kijana mwema na mwangalifu wa taratibu, amenijibu kwamba daftari lina safu ya jina, ya tarehe ya ubatizo na ya hali ya mshirika, lakini halina safu ya sababu.

Mzee wa kanisa,
Ilemela, Mwanza